Gemu Liingie Simuni Siku ya Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Kufundisha Utengenezaji wa Gemu

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wanaofundisha: mwalimu wa klabu, kiongozi wa kikundi cha vijana, wengine wanajifunza wenyewe huku wakiwavuta wenzao. Tumechagua saba. Mfano tunaoutumia karibu kote ni mmoja, ili msomaji asipotee: mtumbwi chini ya kioo, dagaa wanashuka kutoka juu, na gugumaji linashuka pamoja nao. Ukinasa dagaa unapata pointi, ukigonga gugumaji unapoteza. Basi.

Shikamoo mhariri. Nafundisha kompyuta sekondari hapa Igoma. Nina wanafunzi 24 wa klabu na kompyuta 6 zenye RAM ya GB 4. Kila somo la mtandaoni linanitaka nipakue vitu vya GB nyingi. Nianze na programu gani, na siku ya kwanza nifundishe nini?

Marahaba, mwalimu. Chukua Godot. Ni injini ya gemu ya bure, leseni yake ni ya MIT, kwa hiyo hudaiwi kitu hata gemu la mwanafunzi likianza kuingiza pesa. Programu yenyewe ni ndogo na haisakinishwi: unafungua faili lililobanwa, unabofya, inawaka, hata ukiwa umeiweka kwenye flashi. Kinachokula bando ni vile vitu vitatu vya kutengenezea faili la Android: faili linaloitwa Export Templates, OpenJDK 17, na Android SDK. Vipakue mara moja tu, kwa bando la usiku, kwenye kompyuta moja. Export Templates ina sehemu ya kusakinisha kutoka kwenye faili, na folda nzima ya SDK inanakilika. Flashi ya GB 16 inatosha kuzihudumia kompyuta zako zote sita.

Unapoanzisha mradi utaulizwa aina ya uchoraji. Chagua Compatibility. Ukiacha ile inayokuja yenyewe, gemu litategemea Vulkan (njia ya kuchora inayohitaji chipu ya picha ya kisasa), na kompyuta za zamani pamoja na simu nyingi za bei nafuu zinaweza kuzimika hapo au kutoa kioo cheusi. Kompyuta ikigoma kabisa kufungua Godot 4, liko toleo la 3 lisilo na makuu. Ila usichanganye matoleo darasani. Msimbo wa 3 haukubaliki kwenye 4: kilichoitwa `instance()` sasa ni `instantiate()`, Sprite imekuwa Sprite2D. Mwanafunzi akinakili somo la toleo jingine atapata mistari myekundu na kudhani yeye ndiye mjinga.

Wanafunzi 24 kwa kompyuta 6 ni wanne kwa kila moja, na wanne hawafanyi kazi: wawili wa nyuma wanageuka watazamaji. Gawa zamu mbili za watu 12, wawili kwa kompyuta. Mmoja ashike mausi na kibodi, mwenzake asome na kuelekeza bila kugusa. Kila baada ya dakika 15 gonga kengele, wabadilishane. Usiwaachie wabadilishane wenyewe, maana mwenye kasi hatoki kwenye kiti.

Zamu isiyo na kompyuta isikae bure. Wape karatasi za miraba, wachore kioo cha miraba 9 kwa 16. Kila mraba uhesabiwe pikseli 80, na utapata 720 kwa 1280, ukubwa tutakaoutumia. Waweke mtumbwi, wamweke dagaa wa kwanza, waandike namba za kila kimoja. Hapa ndipo kosa la hesabu linapojitokeza mapema, likiwa bado rahisi kurekebisha: darasani wamezoea grafu ambayo y inapanda ukielekea juu. Kwenye kioo, sifuri iko pembe ya juu kushoto na y inaongezeka ukishuka. Mwanafunzi anayetaka dagaa washuke ataandika kutoa, dagaa watapaa na kupotea, naye ataapa kwamba kompyuta ni mbovu. Aliyechora kwenye karatasi hagombani na kompyuta.

Sasa siku ya kwanza. Usianze na historia ya kompyuta wala "aina za data". Andaa mradi mapema nyumbani: mtumbwi upo, unasogea, na mipangilio ya Android imekamilika. Katika saa mbili wanafunzi wafanye mambo matatu tu: wabadilishe picha ya mtumbwi waweke waliyochora wao, wabadilishe namba ya kasi, na wapeleke gemu kwenye simu. Hilo la tatu ndilo kipindi chenyewe. Mtu akiwa na simu mkononi, ndani yake mtumbwi alioupaka rangi mwenyewe, ataonyesha nyumbani, na wiki ijayo atakuja na swali. Wengi hufundisha miezi miwili kwenye kompyuta na kuiweka simu iwe sherehe ya mwisho. Matokeo yake, mambo yote ya simu (kugusa, ukubwa wa kioo, uzito wa picha) yanawaangukia kwa mkupuo siku ya mahafali.

Simu ya kujaribia: fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za simu, gusa Build number mara saba, kisha washa USB debugging. Simu isipoonekana kwenye Godot, kabla hujafanya lolote badilisha waya. Waya nyingi za barabarani ni za kuchajia tu, nyuzi za data hazimo.

Naongoza kikundi cha vijana 10 Nyakato. Wanafuata video vizuri, gemu linatoka, lakini nikisema watengeneze la kwao wanakaa kimya. Na wakianza kusema, wote wanataka gemu la mpira la wachezaji 22. Nifanyeje?

Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Aliyenakili hajui kipi ni kigumu, ndiyo maana anaomba wachezaji 22. Usimkatalie kwa maneno. Mwambie atengeneze mpira mmoja unaodunda ukutani na kurudi, bila mchezaji hata mmoja, aulete wiki ijayo. Kazi yenyewe itamjibu.

Kuhusu kunakili, geuza mpangilio. Badala ya kuanza na ukurasa mtupu, anza na gemu linalofanya kazi, halafu walichokonoe. Huu ndio msimbo wa mtumbwi wetu, mzima:

```
extends Area2D

var kasi = 400.0
var lengo_x = 360.0

func _input(event):
    if event is InputEventScreenTouch or event is InputEventScreenDrag:
        lengo_x = event.position.x

func _process(delta):
    position.x = move_toward(position.x, lengo_x, kasi * delta)
```

Uchapishe kwenye karatasi, kila mtu nakala yake. Kabla ya kubonyeza F5 (kitufe cha kuendesha gemu), kila mmoja aandike kwa kalamu anachodhani kitatokea. Kuandika ni lazima, maana akishaona jibu kila mtu husema "nilijua". Kisha `kasi` iwe 40. Kisha 4000. Kisha 360 iwe 0. Halafu ondoeni `or event is InputEventScreenDrag` na muulize: sasa kidole kifanye nini ili mtumbwi usogee? Hapo mtumbwi utaenda ukigusa, lakini hautafuata kidole kinachoburuta, na kijana atakuwa amelijua lile neno kwa kazi yake. Kwenye kompyuta washa "Emulate Touch From Mouse" katika Project Settings, vinginevyo mausi haitahesabiwa kama kidole na mtaona mtumbwi umelala.

Mstari wa mwisho, ule wenye `delta`, mkae nao kipindi kizima. Waandike kwa makusudi gemu lisilo na delta: `position.x += 7`, yaani pikseli 7 kila picha inapochorwa. Kwenye simu inayochora picha 60 kwa sekunde, mtumbwi unakwenda pikseli 420 kwa sekunde. Simu ya kioo cha 90, unakwenda 630. Simu iliyochoka inayomudu 30, unakwenda 210. Leteni simu tatu tofauti, ziwekeni mezani, mzianzishe pamoja. Mitumbwi itaachana mbele ya macho yao. `delta` ni muda uliopita tangu picha iliyotangulia, kwa hiyo kuzidisha kwa delta kunafanya kasi ihesabiwe kwa sekunde, si kwa picha. Ukiwaeleza hivyo ubaoni watakariri. Wakiona mitumbwi mitatu ikishindana, hawasahau.

Wiki ya tatu au ya nne, wape gemu bovu. Tegesheni makosa matano, si zaidi, na muwaambie ni matano ili wasikate tamaa. Tunayopendekeza: dagaa hana CollisionShape2D, yaani umbo la mipaka yake ya kugongana (pembetatu ya njano inaonekana pembeni ya jina lake), ishara iliyounganishwa ni `body_entered` badala ya `area_entered`, ambayo haitaita kamwe kwa sababu mtumbwi na dagaa wote ni Area2D (eneo linalotambua kuguswa), si miili, pointi zinaongezeka lakini maandishi hayabadilishwi, alama ya kujumlisha imegeuzwa ya kutoa, na dagaa waliokosa kunaswa hawafutwi. Hilo la mwisho ndilo tamu, kwa sababu gemu linaonekana zima. Timer ikitoa dagaa kila nusu sekunde ni 120 kwa dakika, baada ya dakika kumi wako 1,200 chini ya kioo wasioonekana, simu inapata moto na gemu linasota. Dawa ni mistari miwili kwenye `_process` ya dagaa: akipita chini ya kioo, `queue_free()`, yaani afutwe.

Na wewe kiongozi, mikono mfukoni. Ukinyakua mausi "nikuonyeshe haraka", umemaliza tatizo lako, la kijana bado liko.

Gemu langu linacheza safi kwenye kompyuta. Kwenye simu linafunguka, picha moja haionekani, na likishafika mwisho linajifunga lenyewe. Msimbo ni uleule! Niko Buzuruga, natumia Windows.

Ndugu yetu, msimbo ni uleule lakini nyumba imebadilika. Angalia kwanza herufi. Windows haijali kubwa wala ndogo: faili likiitwa `Dagaa.png` na msimbo ukaomba `dagaa.png`, inakupa. Ndani ya simu hayo ni majina mawili tofauti na la pili halipo. Picha haionekani, au gemu linazimika likijaribu kuifungua. Kwa wanaoanza kosa hili ni la kila siku, na wanalitafuta siku nzima mahali pasipo. Weka sheria leo: majina yote ya faili kwa herufi ndogo, nafasi ijazwe kistari cha chini, kwa mfano `dagaa_mdogo.png`. Badilisha jina ukiwa ndani ya Godot, si kwenye folda za Windows, ili na marejeleo yabadilike.

Kujifunga mwishoni tunahisi ni kwa sababu ya kuhifadhi alama za juu. Kama umeandika `res://alama.save`, kompyuta inakubali kwa sababu `res://` ni folda ya mradi wako. Kwenye simu, `res://` imefungwa ndani ya faili la gemu, inasomwa tu, haiandikwi. Faili halifunguki, unapata kitu tupu, unajaribu kuandika juu ya kitu tupu, gemu linakufa. Andika `user://alama.save`. Kosa jingine la ukoo huo ni faili la `.txt` lenye maswali au majina: Godot hailibebi kwenda simuni hadi ulitaje kwenye sehemu ya rasilimali za mipangilio ya kusafirisha, kwa kuandika `*.txt`.

Lakini usitegemee kubahatisha kwetu, iache simu iseme yenyewe. Chomeka waya, washa USB debugging, bonyeza kile kitufe cha kuendesha gemu simuni kilicho juu kulia kwa Godot. Makosa yatajitokeza kwenye kompyuta, na mstari wake. Kama faili umeshalituma kwa njia nyingine, andika `adb logcat -s godot` kwenye dirisha la amri. Adb imo ndani ya Android SDK, folda ya platform-tools. Anayefundisha aonyeshe hili kabla ya wiki ya pili kwisha. Bila hilo, mwanafunzi akikwama hana la kufanya ila kukuita.

Tukiwa hapohapo, mambo mawili mengine yanayoharibika simuni tu. Mishale ya kibodi haipo kwenye simu, kwa hiyo gemu linalosubiri `ui_left` (mshale wa kushoto) litakaa kimya. Na vioo vimerefuka. Mradi wako ni 720 kwa 1280, simu nyingi za sasa ni 720 kwa 1600. Kwenye mipangilio ya kunyoosha (Stretch), ukichagua "canvas_items" na "keep", utapata michirizi myeusi, hakuna kinachoharibika. Ukichagua "expand", kioo kinaongezeka pikseli 320 chini: mtumbwi uliouweka y=1200 unaonekana unaelea katikati ya ziwa, na dagaa uliowaambia wafe wakifika 1400 wanatoweka kabla ya kufika ukingo. Usiandike namba, uliza kioo: `get_viewport_rect().size.y`, kisha toa 80 kwa ajili ya mtumbwi.

Mimi niko Nansio, Ukerewe. Kompyuta sina, simu ninayo. Naweza?

Unaweza kuanza. Godot ina toleo la Android, lipo Play Store, bure, na gemu unalijaribu palepale. Shida yake ni kwamba ni kioo cha kompyuta kilichobanwa kwenye simu: maandishi madogo, vitufe vya kupapasa. Tafuta waya wa OTG, uchomeke kibodi na mausi za kawaida za USB, kazi itakuwa nyepesi mno. Simu yenye RAM ya GB 2 itateseka. GB 4 inaenda. Kama una wadogo zako wa shule ya msingi unaotaka kuwafundisha, kwao anza na Scratch: wanapanga vipande vya rangi, hawaandiki, na fikra ya "dagaa akiguswa, ongeza 1" wanaipata vilevile. Ila fahamu kwamba Scratch haitoi faili la kusakinisha simuni.

Gemu letu lina MB 180 na rafiki zetu wenye simu ndogo wanalalamika linaganda likifunguka. Tumepiga picha wenyewe pale mwaloni Kirumba kwa ajili ya mandhari, na tumeweka muziki. Tupunguze nini?

Wazo la picha za mwaloni ni zuri, msiliache. Tatizo ni kwamba mmeziweka kama zilivyotoka kwenye kamera. Faili la JPG linaweza kuwa MB 3 kwenye hifadhi, lakini likifunguliwa ndani ya gemu ubanaji unaondoka, na kila pikseli inachukua baiti 4. Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, sawa na MB 48 za RAM. Mandhari tano ni MB 240, na simu ya GB 2 ina mfumo wake wa Android wa kulisha pia. Ipunguzeni hadi 720 kwa 1280 kabla ya kuiingiza kwenye mradi: inakuwa chini ya MB 4. Kuipunguza kwa kuvuta pembe ndani ya Godot hakusaidii, picha kubwa bado imo, imeonyeshwa ndogo tu.

Muziki nao, tunabashiri ni WAV. Dakika tatu za WAV ya stereo ni kama MB 32. Ileile kwenye OGG ya kilobiti 128 haifiki MB 3. WAV ibakizeni kwa milio mifupi, ya kunasa dagaa au kugonga gugumaji, maana haimchoshi prosesa kuifungua kila mara. Kwa darasa, fanyeni hivi: kila kikundi kiandike kwenye karatasi uzito wa faili zake kumi kubwa zaidi. Mara nyingi ya kwanza tu inatosha kueleza kila kitu.

Kiingereza kinanishinda. Lazima nikijue kwanza? — Sengerema

Hapana. Maneno ya lazima ya kuanzia hayafiki ishirini: `var`, `func`, `if`, `else`, `for`, `return` na wenzake. Majina mengine yote ni yako, yaite `kasi`, `pointi`, `idadi_ya_dagaa`. Tahadhari moja ya Kiswahili chetu: `var ng'ombe` haitakubali, kwa sababu ile alama ya ng' kwa Godot ni mwanzo wa maandishi. Andika `ngombe`. Ndani ya alama za kunukuu, maandishi ya kuonyeshwa kwa mchezaji, "ng'ombe" anakaa bila shida.

Tuko Bukoba, darasa la watu 14. Tukitumiana gemu jipya simu inakataa, inasema halikusakinishwa. Pia tunataka kulipandisha Play Store, tunasikia maneno mengi.

Simu inakataa kwa moja ya sababu mbili. Ya kwanza ni saini. Kila faili la Android linatiwa saini kwa ufunguo, na simu haikubali toleo jipya lenye saini tofauti na la zamani. Kila kompyuta ina `debug.keystore` yake (faili la ufunguo wa majaribio), kwa hiyo gemu lililotoka kompyuta namba 2 haliwezi kukaa juu ya lile la kompyuta namba 5. Chukueni `debug.keystore` moja, muinakili kwenye kompyuta zote, muielekeze kwenye Editor Settings. Kabla ya hapo, futeni gemu la zamani kwanza, mkijua na alama zilizohifadhiwa zitaondoka nalo. Sababu ya pili: simu za bei nafuu nyingine zinaendesha Android ya biti 32, na Godot kwa kawaida hutoa ya biti 64 peke yake. Kwenye mipangilio ya kusafirisha tia tiki `armeabi-v7a` pamoja na `arm64-v8a`. Faili litanenepa, ndiyo gharama.

Kutumiana tumieni Bluetooth, au WhatsApp kwa njia ya "document". Simu itauliza ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya Play Store. Mwambieni anayepokea kwamba ataliona onyo hilo, asije akadhani mmemtumia kirusi.

Play Store. Ada ya kufungua akaunti ni dola 25 za Marekani, unalipa mara moja. Akaunti za mtu binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zina sharti la ziada: kabla gemu halijawekwa hadharani, lijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20, wakapunguzwa Desemba 2024. Nyinyi mko 14, toeni mwenye akaunti, wanabaki 13. Mna mtu mmoja tu wa akiba, kwa hiyo ongezeni ndugu wawili watatu wenye simu za Android, maana mmoja akijitoa siku ya tisa na mwingine akamfuata, hesabu inavurugika. Kila mjaribu awe na akaunti ya Gmail, akubali mwaliko kwa kiungo mtakachomtumia, na asijitoe hadi siku 14 ziishe.

Faili linalotakiwa huko ni AAB (kifurushi cha kupeleka dukani), si APK (lile linalosakinishwa simuni moja kwa moja). Sharti hilo kwa gemu mpya lipo tangu Agosti 2021. Kwenye Godot mtahitaji kuwasha "Use Gradle Build" (Gradle ni zana ya kujengea faili la Android) na kusakinisha kiolezo cha Android kutoka menyu ya Project. Mara ya kwanza Gradle itavuta vitu vingi mtandaoni, kwa hiyo msiifanye siku ya somo mbele ya darasa. Ufunguo wa kutolea ni tofauti na ule wa majaribio. Tengenezeni wa kwenu, nenosiri mliandike kwenye daftari la darasa, na nakala ya ufunguo iwe kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Kama hizo dola 25 hazipo kwa sasa, itch.io inapokea APK bila ada. Wekeni gemu huko, tumeni kiungo, na pesa ichangwe taratibu huku majaribio yakiendelea.